Mwaka Mnazi Ulipokosa Njia ya Mombasa

Asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2020, mitungi 14 ya mnazi, yaani pombe ya utomvu wa minazi, ilikuwa imepangwa steji, hatua chache kutoka duka langu, na hapakuwa na gari la kuibeba. Jioni iliyotangulia, ilipogonga saa moja, amri ya kuzuia korona ilikuwa imeanza: hakuna kuingia wala kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Sisi watu wa Kaloleni tuko Kilifi. Wanywaji wa mnazi wetu wako Mombasa. Makanga aliyekuwa akituchukulia mizigo alipiga simu akasema matatu yao imebaki upande wa pili, tusimtegemee.

Jua likapanda. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu kama maji ya dafu. Jioni umekuwa mkali, kesho yake unachoma koo, na siku ya tatu ni siki. Ilipofika saa sita mchana vifuniko vya mitungi vilikuwa vimefura, na kijana mmoja alipolegeza kimoja ili mtungi upumue, povu lilimrukia kifuani. Harufu ya chachu ikaingia mpaka kwenye magunia yangu ya sukari.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuwa ameketi juu ya gogo, kotama yake ya kugemea kiunoni, anaitazama barabara. Mitungi mitano ilikuwa yake. Nikampelekea chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo ni ya kumwaga hii."

"Si upumzike siku mbili tatu, tuone mambo yatakavyokuwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asimlishe ng'ombe wake. "Nikiacha kupanda mimi, karara litakufa."

Mimi ni mtoto wa ukoo wa wagema, lakini nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka siku ile. Mnazi hugemwa kila siku, asubuhi na jioni, na wengine huongeza mchana. Kila anapopanda, mgema hukata kipande chembamba cha karara, ua la mnazi ambalo bado halijafunuka, ili utomvu uendelee kutona ndani ya kibuyu. Akiacha siku chache, jeraha linakauka na karara hilo ndiyo mwisho wake. Itabidi asubiri jingine, alifunge, aanze kulizoesha upya, na wiki kadhaa zipite hajapata tone. Basi baba mdogo aliendelea kupanda minazi yake 11, asubuhi na jioni, akishuka na mnazi usio na mnunuzi na kwenda kuumwaga shimoni nyuma ya nyumba. Kesho yake anapanda tena. Nilikuwa nikimwona akipita na kibuyu kuelekea shimoni, na mwaka ule hakuna kilichoniuma kama kumwona anatembea vile.

Tulikuwa hatujaona mgonjwa hata mmoja wa korona kijijini kwetu. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo nashindwa kumweleza mtu wa mjini. Ugonjwa tuliusikia redioni. Njaa tuliiona kwa macho.

Duka langu ni la mabati, lina dirisha la nondo na kaunta ya mbao, na ndani mna vitu vya kawaida: unga, sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya kupima, kiberiti, salio la simu. Pembeni nina kibanda cha M-Pesa. Miaka yote nilijua kwamba nauza unga na sukari. Aprili ile ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikiishi kwa mnazi, ingawa sijawahi kuweka hata chupa yake moja kwenye rafu. Mgema akiuza, mke wake anakuja kununua unga. Mwenye boda boda anayebeba mitungi kutoka mashambani anakuja kununua mafuta. Mama anayekaanga samaki karibu na mangwe, kilabu cha mnazi, anachukua chumvi na kiberiti. Mtungi mmoja ukimwagwa, kaunta yangu inajua kabla ya saa moja jioni.

Na hiyo saa moja jioni nayo ilikuwa imeshachukuliwa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu ambaye hajawahi kuweka duka kijijini atasema, si mna mchana kutwa? Mchana watu wako shambani na miguuni. Duka la kijijini huuza kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, watu wakirudi na vijisenti vya siku, wakinunua cha kupika usiku huo huo. Kwa amri moja nikapoteza saa zangu zote za maana. Saa kumi na mbili unusu nilikuwa nafunga, wateja wakiwa bado njiani.

Mlango wa pili wa pesa ulikuwa ni simu. Karibu kila boma letu lina mtu Mombasa, Mtwapa au Malindi: mpishi, askari wa lango, dobi, yaya. Kila mwisho wa mwezi kibanda changu kilikuwa na foleni ya kutoa pesa, hadi naishiwa noti nakwenda kukopa kwa mwenye kinu cha kusaga. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa tarehe 25 Machi, hoteli za pwani zilikuwa zimeshaanza kuwarudisha watu makwao. Foleni yangu ikageuka. Waliokuwa wakituma pesa sasa walikuwa wamesimama wao wenyewe mbele ya dirisha, wanauliza unga ni bei gani.

Ada ya kutumiana pesa hadi shilingi 1,000 iliondolewa tangu katikati ya Machi mpaka mwisho wa mwaka, na ilisaidia sana. Niliona watu wakitumiana shilingi 50, shilingi 80, jambo ambalo zamani lisingekuwa na maana. Lakini ajenti hulipwa mtu anapoweka au kutoa, na shilingi 80 haitolewi. Ilizunguka kwenye simu, kutoka kwa dada kwenda kwa kaka, na mwisho ikaja kwangu kwenye simu hiyo hiyo kulipia unga. Kamisheni yangu ya Mei haikufika hata robo ya ile ya Februari.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mmoja wa waliorudi. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya kaskazini mwa Mombasa, akaambiwa aende nyumbani atapigiwa simu. Alifika siku tatu kabla ya barabara kufungwa, na begi, godoro na pasi yake ya umeme, na sisi hatuna umeme. Mzee wa Nyumba Kumi alikuja kwa upole akatuomba akae peke yake siku 14. Tukampa jiko la nje. Nilikuwa namwekea chakula juu ya kigoda mlangoni, narudi nyuma, ndipo atoke. Mtoto niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, namwekea ugali kama namwekea mgeni nisiyemjua.

Habari ilisambaa, na wateja wakaanza kulikwepa duka. Mama mmoja jirani, ambaye tunachota maji pamoja, alisimama barabarani akapaza sauti: "Mama, niwekee sukari robo hapo juu ya jiwe, na pesa nakuachia hapo hapo." Nikafunga sukari, nikaenda kuiweka, nikaokota sarafu zake nikazitia kwenye beseni la maji ya sabuni. Jioni nilikaa nikazianika sarafu zote za siku juu ya gunia kama dagaa. Sikumkasirikia. Ana watoto sita na mama mkwe mzee. Lakini wiki mbili zile niliuza chini ya nusu, na mdogo wangu, kutoka pale jikoni, alikuwa anasikia kila neno.

Nieleze na kosa langu, kwa sababu liliniumiza zaidi ya kafyu. Mwisho wa Machi nilikwenda Mariakani kuleta mzigo, nikakuta watu wananunua sanitaiza kama njugu. Nikanunua katoni mbili, chupa 48, shilingi 9,600, karibu faida yangu ya mwezi mzima. Niliuza chupa tano. Watu walinunua sabuni ya mche, wakaikata vipande vinne, na walikuwa sawa, maana sabuni ndiyo inayotakiwa. Shida yao ilikuwa maji, ambayo kwetu hununuliwa kwa mtungi, na hayo sikuwa nayo. Kama zile 9,600 ningezitia kwenye unga, ningeweza kuzikopesha nyumba nyingi. Chupa zilizobaki zilikaa rafuni mpaka mwaka uliofuata.

Mariakani hiyo hiyo ndiko nilikofundishwa jambo jingine. Miaka yote mwenye duka la jumla alikuwa akinipa mzigo, namlipa baada ya wiki. Mwanzoni mwa Mei akaniambia, "Dada yangu, sasa ni pesa mkononi." Hakunikosea. Yeye naye aliambiwa hivyo hivyo na wanaomletea. Nikarudi nimekaa kwenye matatu ya watu 14 iliyobeba 8, nauli karibu mara mbili, nikiwa na nusu ya mzigo niliouendea, nawaza: mimi nimeshabanwa juu, nami nitambana nani chini? Nikafika nyumbani nikaandika kwenye katoni, HAKUNA MKOPO, nikaitundika.

Ilikaa siku moja na nusu.

Aliyenifanya niitoe ni mwalimu wa mtoto wangu wa pili. Alikuwa anafundisha shule ya kibinafsi, na shule zilipofungwa tangu tarehe 16 Machi, mshahara wake ulifungwa nazo, maana shule ya namna ile hulipa walimu kwa karo. Alikuja saa kumi na mbili, mwanga ukififia. Akazungumza habari za mvua. Akazungumza habari za redio. Akanunua kiberiti, akaondoka. Nikaanza kufunga, akarudi. Alisoma ile katoni, akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, naomba uniulizie kwa mzee wako, kama kuna kazi ya kulima, nilipwe unga." Mtu aliyemfundisha mwanangu kusoma. Nilimpa pakiti mbili, na kesho asubuhi katoni ile nikaiwashia jiko.

Tukakaa na mume wangu, ambaye ni fundi muashi na hakuwa na nyumba ya kujenga, tukapiga hesabu. Kufunga mkopo kabisa ni kufunga duka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa taslimu. Kukopesha kila anayekuja ni kufunga duka pia, kwa njia ndefu zaidi. Tukaamua kila nyumba ikopeshwe hadi shilingi 300 kwa wiki, na iwe unga, chumvi, mafuta, sabuni, sukari robo, basi. Salio, sigara na soda ni kwa pesa. Kuna waliokasirika. Mzee mmoja aliyekuwa mteja wangu tangu nifungue aliacha kunisalimu kwa mwezi mzima kwa ajili ya sigara mbili.

Na daftari nililivunja. Zamani lilikuwa moja kubwa, la kurasa 200, linakaa kaunta, na kila anayekuja kukopa anaona waliomtangulia. Siku za kawaida hakuna anayejali. Mwaka ule nilimwona mwanamke mmoja akisoma kichwa chini juu, kupitia nondo, jina la mwalimu na kiasi anachodaiwa, na nikajua jioni hiyo habari itafika kisimani. Nikachukua vitabu vidogo vya shule, vya kurasa 32, vilikuwa vingi rafuni kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa anakwenda shule. Kila nyumba na kitabu chake, vyote ndani ya sanduku la mbao. Kama kuna jambo moja ningemwambia mwenye duka mwenzangu, ni hilo. Watu walianza kulipa vizuri zaidi, hata shilingi 20, kwa sababu wangeweza kuja kulipa shilingi 20 bila mtu kujua kwamba ndiyo yote waliyo nayo.

Kikundi chetu cha akina mama, watu 17, hatukuweza kukutana. Akiba yetu hugawanywa Desemba, lakini Mei wenzangu wakataka igawanywe palepale. Nilipinga kwa nguvu zote. Nilisema tutafika mwisho wa mwaka mikono mitupu. Nikashindwa, na wao ndio waliokuwa sahihi: ile pesa ililisha nyumba 17 katika wiki ambazo hazikuwa na kitu kingine, na nyingi ilipita juu ya kaunta yangu.

Baba mdogo, kwa upande wake, alikuwa amechoka kumwaga. Kwanza aliuacha mnazi ulale uwe siki, lakini kila boma lilikuwa na siki. Kisha akaanza kuniletea kibuyu kimoja cha asubuhi, nami nikautia mnazi ule kwenye unga wa mchele badala ya hamira, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya. Vitumbua vilivimba vizuri na vilikuwa na ule utamu wenye uchachu kidogo. Nilikuwa nauza vyote kabla ya saa mbili asubuhi, na sehemu ya pesa namrudishia. Kibuyu kimoja, lakini. Vilivyobaki vilikwenda shimoni. Mwishoni mwa Mei akachagua minazi mitano ya kuendelea kugema, na ile sita akaiacha izae. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, na ukiachwa unahitaji karibu mwaka mzima mpaka nazi zikomae. Mtu mwenye njaa leo akafanya uamuzi wa kula mwakani. Sikumwelewa wakati huo.

Mwezi huo huo alifariki bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akishona makuti. Pumu ilikuwa naye miaka mingi. Makuti yake yalikuwa yamerundikwa nyuma ya nyumba mpaka dirishani, kwa sababu yalikuwa yakienda kuezeka mahoteli na majumba ya ufukweni, na wanunuzi hawakuja tena. Kwetu Wagiriama matanga ya mzee kama yule ni ya siku nyingi, ngoma, watu kutoka kila upande, sukari inayeyuka kwa magunia. Niseme ukweli, matanga ni nguzo ya duka la kijijini. Safari hii waliruhusiwa watu 15. Alizikwa kesho yake mchana, kimya, wajukuu wake wengine wakiwa Mombasa wanasikiliza kwa simu iliyoshikiliwa juu ya kaburi na kijana ambaye mkono ulikuwa unamtetemeka.

Mimi nilikuwa katika wale 15, kwa ujirani. Kabla hatujatawanyika mzee wa ukoo aliuliza, kama ilivyo desturi, "Anayemdai marehemu ajitokeze, asije akasema baadaye." Kitabu cha bibi kilikuwa sandukuni kwangu. Shilingi 1,140: unga, chumvi, ugoro, mafuta ya taa. Nikamtazama binti yake mkubwa, ambaye alikuwa amevaa barakoa iliyoshonwa kwa kipande cha leso ya mamake. Sikusema kitu.

Tarehe 7 Juni Kilifi na Kwale zilifunguliwa, na kafyu ikasogea hadi saa tatu usiku. Nilipata tena saa zangu za jioni, na nilishukuru. Lakini Mombasa ilibaki imefungwa mwezi mmoja zaidi, hadi tarehe 7 Julai, kwa hiyo mlango wetu ulifunguliwa ukatazamana na mlango uliofungwa. Hata ulipofunguka, mangwe zilibaki zimekatazwa hadi mwisho wa Septemba. Agosti mahindi yalikomaa, maana masika ya mwaka ule yalikuwa mazuri, na watu wakaanza kunilipa kwa mahindi, kuku, hata siku za kulima shamba langu. Nilikubali vyote. Kuku nilikuwa nao wengi hadi wakaanza kutaga ndani ya duka.

Mitungi ya kwanza kuondoka nakumbuka ilikuwa sita tu, imefungwa kwa kamba juu ya matatu, asubuhi ya Oktoba. Yule aliyekuwa akinunua kwa baba mdogo alikuwa ameshafunga na kurudi kwao. Ilibidi baba mdogo atafute mnunuzi mpya akiwa na miaka 60 na zaidi, kwa kupiga simu za watu asiowajua.

Mwalimu hakurudi darasani. Shule zote zilifunguliwa Januari 2021, ile yake haikufunguliwa. Anauza mkaa na mbao, amelipa kila senti, na watoto bado humwita mwalimu. Mdogo wangu hakupigiwa simu. Anaendesha boda boda, na pasi ile amempa binti wa jirani aliye Mariakani kwenye umeme.

Katikati ya 2021 baba mdogo alikuja na mkokoteni. Nazi za ile minazi sita. Alizipanga mbele ya duka mbili mbili, akihesabu kwa sauti, hadi deni lake la 2,300 likaisha, na zilizobaki akaniuzia. Nikampa kitabu chake, akakikunja akakitia mfukoni mwa shati, ingawa hajui kusoma.

Sandukuni vimebaki vitabu vitatu. Viwili ni vya watu waliohama, na mmoja wao nina hakika atalipa. Cha tatu ni cha bibi wa makuti. Binti yake hununua kwangu karibu kila siku, na kila Desemba huja na wanawe kuchukua mchele na sukari ya sikukuu. Hulipa pesa taslimu. Hajui kama kitabu kile kipo.